Saba Mara Nne

Mtoto mchanga haogeshwi kwa mkono mmoja. Mmoja humshika shingo asiteleze, mwingine humwagia maji, na mara nyingi hutakiwa wa tatu wa kuzuia miguu inayorusha mateke na wa nne wa kunyoosha taulo. Akikua akatembea, mikono hiyo haikosi kazi. Hubadili tu inachokishika. Wahenga waliliona hilo wakatuachia usemi kwamba mkono mmoja haulei mwana. Fundi mmoja wa vigae aliujua usemi huo tangu utotoni mwake. Alipofiwa na mkewe, akaamua kuubishia.

Mkewe alikuwa mshonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho alichokifanyia kazi: cherehani karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia vitambaa, na kopo kubwa la bati lililojaa vifungo vya kila rangi. Binti yao wa pekee alitambaa chini ya meza hiyo, akajifunza kusimama kwa kushika miguu ya meza, na siku moja akameza kifungo cha shati, kikawatoa wazazi jasho mpaka kilipotoka chenyewe. Tangu siku hiyo jina alilopewa na babu yake likasahaulika. Akaitwa Kifungo. Majirani wenye mizaha walimwuliza baba mtu, "Fundi, hicho kifungo chako ni cha miaka mingapi?" Naye alijibu akicheka, "Cha maisha, na sikati rufaa!"

Ugonjwa uliomchukua mshonaji haukupiga hodi. Kifungo alikuwa darasa la tatu mama yake alipolala kitandani kwa kile walichodhani ni homa ya kupita, na hakuinuka tena. Matanga yalipokwisha na waombolezaji kutawanyika, aliyebaki nyumbani ni mdogo wa marehemu, mwanamke aliyefanya kazi katika duka la dawa upande wa pili wa mji. Kifungo alimwita Mama Mdogo.

"Shemeji," alimwambia fundi wakiwa barazani, "niache nikae hapa kidogo. Mtoto ni wa kike. Ana mambo yake."

"Mambo yake nitayajua."

"Na nywele je?"

"Nitajifunza kusuka."

"Na akimlilia mama yake?"

Fundi alitazama vidole vyake vilivyokauka kwa saruji. "Nashukuru, Shemeji. Lakini mtoto ni wangu. Sitaki kesho isemwe kwamba nilipewa mmoja tu nikashindwa kumlea."

Mama Mdogo akaondoka shingo upande. Sababu ya kweli fundi hakumwambia mtu. Shemeji yake alikuwa na sauti ya marehemu. Ukiisikia bila kumwona msemaji, ungeapa kwamba ni yule yule. Kila alipoongea jikoni, moyo wa fundi uliruka kwa furaha kisha ukaanguka chini kama sahani. Hangeweza kuishi hivyo. Siku iliyofuata alikifunga chumba cha mbele, cherehani na kila kitu ndani yake, akatia ufunguo mfukoni. Jina la mkewe halikutajwa tena katika nyumba ile.

Alijikaza kisabuni. Alipika, alifua, alipiga pasi sare za shule. Kusuka ndiko kulikomshinda. Mtu huyo ambaye vigae vyake vilinyooka kama uzi wa fundi mwashi, misuko yake ilikwenda upogo kama njia ya mbuzi. Kifungo hakulalamika. Alijitazama kwenye kioo, akasema, "Asante, Baba," akafunga kitambaa kichwani.

Shuleni mambo yalikwenda kombo. Darasa lile lilijifunza kuzidisha kwa kuimba. Mwalimu wa hesabu aligonga ubao kwa rula, watoto wakaitikia kwa sauti moja: "Mbili mara moja, mbili! Mbili mara mbili, nne!" Kifungo aliimba jedwali la mbili, la tatu na la nne, wazi na bila kosa, mpaka nne mara kumi na mbili. Walipofika la tano, midomo yake ilifungika kama iliyotiwa gundi.

"Kifungo, simama. Tano mara moja?"

Kimya.

"Hata tano mara moja huijui?"

Darasa likaangua kicheko. Kifungo akatazama dawati lake, kimya kama maji ya mtungi. Kwenye mazoezi vilevile: palipo na mbili, tatu au nne alijaza barabara; kuanzia tano aliacha nafasi tupu, safi, bila hata kujaribu kukisia. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mmoja mbele ya watoto sitini, na aliyoyaona kwa haraka aliyapa jina la haraka. Akamwita fundi.

"Mzazi, binti yako ana akili, ila ana ukaidi. Mtihani wa kufunga mwaka ukimkuta hivi, itabidi arudie darasa."

Maneno hayo yalimchoma fundi kama msumari wa moto. Jioni hiyo alirudi kutoka kazini na vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi, akasafisha meza ya chakula, akamketisha binti yake mbele yake.

"Sema nami. Tano mara moja, tano. Tano mara mbili, kumi."

Kifungo alimtazama tu.

Akambembeleza. Akamwahidi viatu vipya. Siku nyingine akamnyima kwenda kucheza. Kila jioni ilikuwa vile vile, na kila jioni subira ya fundi ilipungua, mpaka siku moja akapiga meza kwa kiganja, bilauri ikaruka ikavunjika sakafuni.

"Unataka nini kwangu?" alifoka. "Nadamka alfajiri, nani asiyejua! Nafanya kila kitu! Unataka watu waseme nimeshindwa?"

Kifungo alishuka kitini, akaanza kuokota vipande vya bilauri kimoja kimoja, akavipanga kwenye kiganja chake.

"Pole, Baba," akasema.

Fundi angependelea apigwe kofi. Neno lile dogo lilimwuma kuliko kicheko cha watu wote aliowaogopa.

Kesho yake Kifungo hakurudi nyumbani kutoka shule. Fundi alikuta mlango umefungwa kama alivyouacha. Akauliza kwa majirani, akaenda dukani, akakimbia hadi shuleni na kukuta geti lina kufuli. Alikuwa akilitikisa kufuli simu yake ilipolia.

"Shemeji, yuko kwangu," ilisema ile sauti. "Kaja kwa miguu. Mzima. Njoo, lakini njoo taratibu."

Alifika kabla jua halijazama. Nyumba ya shemeji yake ilikuwa na dirisha linalotazama njia, nalo lilikuwa wazi. Fundi aliinua mkono abishe hodi, mkono ukabaki hewani. Ndani mwanawe alikuwa akiongea.

"Niite tena, Mama Mdogo."

"Kifungo! We Kifungo! Njoo uonje chumvi!" Sauti ilitoka jikoni.

Kisha yule mtoto akasema, "Tena. Kwa mbali kidogo."

"Kifungo! Mwanangu, uko wapi?"

Fundi alichungulia. Binti yake alikuwa ameketi sakafuni sebuleni, mgongo ukutani, macho ameyafumba. Hakuitika wala hakwenda kuonja chumvi. Alikuwa akisikiliza tu, kama mtu anayeota jua la asubuhi baada ya baridi. Na fundi, mtu mzima mwenye ndevu, alisimama nje ya dirisha, naye akafumba macho. Kwa muda ambao mtu huvuta pumzi, mkewe alikuwa jikoni na mboga ilikuwa ikiungua na hakuna lililokuwa limeharibika duniani.

Alipoyafumbua, Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni akimtazama. Akamvuta pembeni, wakaketi kwenye ngazi.

"Mtoto hajashindwa hesabu," alisema. "Amezikataa. Leo kaniuliza kama mtu aliyekufa anaweza kutimiza ahadi."

"Ahadi gani?"

"Dada ndiye aliyekuwa akimfundisha kuzidisha. Walianza na la moja. La nne walilimalizia kitandani, akiumwa. Alipochoka akamwambia, 'La tano tutalianza nikipona.'"

Mama Mdogo akamsogelea fundi kwenye ngazi.

"Sasa mtoto anaona akijifunza la tano na mtu mwingine, atakuwa amekubali kwamba mama yake harudi. Anajua harudi, Shemeji. Ila kujua na kukubali ni vitu viwili."

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Angekwambiaje? Nyumbani kwako dada hatajwi. Chumba chake umekifunga. Mtoto kaona mlango umefungwa, naye kafunga wake."

Fundi aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa magoti. "Nimeshindwa, Shemeji."

"Hujashindwa, umeelemewa. Mgongo wako mwenyewe hujawahi kuufikia wote kwa sabuni, seuze kulea mtoto peke yako?"

Asubuhi walikwenda shuleni pamoja, bega kwa bega. Mwalimu alisikiliza habari yote bila kuwakatiza. Walipomaliza alizungusha kalamu vidoleni.

"Nami nikauita ukaidi," alisema. "Mama yake alikuwa akimfundisha vipi? Kwa kuimba?"

"Kwa vifungo," alijibu Mama Mdogo. "Alivipanga mezani kwa safu. Safu nne, kila safu vifungo sita. Mtoto anaviona kwanza, anavihesabu, ndipo anasema. Dada hakumruhusu kutamka kitu ambacho hajakiona."

Mwalimu aliacha kuzungusha kalamu. "Nileteeni vifungo hivyo. Na mumwache Kifungo abaki nami baada ya masomo. Nanyi mje, mkiweza."

Kwa hiyo fundi alilazimika kukifungua chumba. Ufunguo ulikwama kwanza, kisha ukakubali. Hewa ya ndani ilikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani na kitambaa kipya. Chini ya sindano palikuwa na gauni lililoshonwa upande mmoja, la nani hakuna ajuaye. Fundi aliketi kwenye kigoda cha mkewe, akaweka miguu yake mikubwa juu ya pedali, na hapo machozi aliyoyazuia tangu mazishi yakamtoka kama mfereji uliozibuliwa. Mama Mdogo hakumwambia nyamaza. Alilichukua kopo la vifungo, akasimama karibu naye mpaka yalipokauka.

Watoto wengine walipokwisha kutoka darasani, Mwalimu alisogeza dawati moja katikati, akamwita Kifungo. Fundi na shemeji yake walisimama mlangoni. Alilifungua kopo, akaanza kupanga vifungo juu ya dawati: saba katika mstari mmoja, chini yake saba, chini yake saba, chini yake saba. Kifungo alipoviona, alisogea karibu. Alinyoosha kidole akagusa kimoja cheupe cha pembeni.

"Hii ni nini?" Mwalimu aliuliza polepole.

"Safu nne za saba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nne mara saba. Ishirini na nane."

"Nani alikufundisha?"

"Mama."

"Vizuri. Usiguse kitu. Inuka, uzunguke uje usimame huku, ubavuni mwa dawati."

Kifungo akazunguka.

"Sasa vitazame kutoka hapo ulipo. Safu ni ngapi?"

Mtoto alihesabu kwa macho, midomo ikicheza. "Saba."

"Kila safu ina vifungo vingapi?"

"Vinne."

"Kuna kifungo nimeongeza?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kuna nilichoondoa?"

"Hapana."

"Basi sema ni nini."

Kifungo alifungua kinywa, akakifumba. Alirudi alikokuwa mwanzo akatazama, akaja tena ubavuni akatazama. Mlangoni, Mama Mdogo aliushika mkono wa fundi akaubana.

"Saba mara nne," Kifungo akanong'ona. "Ishirini na nane." Kisha akastuka kama mtu aliyepita mpaka bila kuona kibao. "Lakini hii ni ya jedwali la saba!"

"Ndiyo. Nayo nani alikufundisha?"

Kimya kilichofuata hakikuwa kile cha zamani. Machozi yalimlengalenga mtoto, yakamwagika, na uso wake ukafunguka wote kwa pamoja.

"Mama," alisema. "Mama alishafika huku!"

"Alishafika mbali kuliko ulivyodhani," Mwalimu akamwambia. Akapanga haraka safu saba za vifungo saba, akachomoa uzi kwenye pindo la shali yake, akaulaza juu ya vifungo kutoka juu hadi chini, vinne vya kila safu vikabaki upande huu na vitatu upande ule. "Huku kuna nini?"

"Saba mara nne, ishirini na nane."

"Na huku?"

"Saba mara tatu. Ishirini na moja." Alifuta kamasi kwa mkono wa sare. "Jumla arobaini na tisa. Saba mara saba ni arobaini na tisa!"

"Hujaniona nikikufundisha kitu. Nimeweka uzi tu."

Kifungo akacheka huku akilia. Kisha akaukimbilia mlango, akamkumbatia baba yake kiunoni kwa nguvu hivi kwamba vumbi la saruji likapaa kutoka kwenye nguo zake.

Kuanzia hapo darasa lile lilibadilika. Mwalimu aliweka rula kando, akawaambia watoto walete vizibo vya soda, mawe na mbegu. Wakapanga safu sakafuni, wakazunguka kuzitazama ubavuni, wakazigawa kwa nyuzi. Waliohesabu madirisha ya shule walihesabu, waliogombana kuhusu idadi ya vigae vya veranda waligombana. Kuimba kulirudi pia, lakini sasa waliimba walichokiona. Nyumbani, Mama Mdogo alikuja kila mwisho wa wiki na mfuko wa nguo, akamsuka Kifungo misuko iliyonyooka, akaimba jikoni. Fundi aliisikia sauti ile, moyo ukaruka, ukaanguka, na taratibu akajifunza kuishi na kuanguka kwake. Chumba cha mbele kilibaki wazi.

Siku chache kabla ya mtihani, Kifungo alisimama mbele ya darasa akamaliza jedwali la mwisho. Kumi na mbili mara kumi na mbili aliigawa kwa nyuzi mbili, vikatoka vipande vitatu vya nne nne: arobaini na nane, na arobaini na nane, na arobaini na nane. Mia moja arobaini na nne. Watoto wakampigia makofi mpaka mikono ikawaka.

Jioni hiyo hakugusa chakula.

"Umemaliza, mwanangu," fundi alisema. "Mbona uso umeanguka?"

"Yameisha, Baba. Kila siku nilikuwa nakwenda na Mama. Sasa hakuna tena pa kwenda naye."

Zamani fundi angemwambia ale, au angetoka nje kuficha uso. Safari hii alivuta kiti akaketi karibu naye. "Na mimi namkumbuka," alisema. "Asubuhi naamka upande wangu wa kitanda, upande wake sijawahi kuulalia." Akamsimulia jinsi mama yake alivyomchekea siku ya kwanza walipokutana, yeye fundi alipokwenda kushonewa suruali akiwa amepakaa saruji mpaka sikioni. Kifungo alikuwa hajawahi kuisikia hadithi hiyo. Aliuliza maswali mengi. Mengine fundi hakuyajua, kwa hiyo akampigia shemeji yake, naye akayajibu kwa kirefu, na chakula kikaliwa kikiwa kimepoa.

Mwalimu alipopata habari asubuhi, alimpeleka Kifungo ubaoni akamchorea vitone kumi na viwili kwa kumi na viwili. Akampa chaki.

"Nani kakwambia yanaishia hapa? Ongeza safu."

Kifungo akaongeza moja. Akahesabu. Akatabasamu, akaongeza nyingine.

Mtihani aliufaulu, akapanda darasa na wenzake. Siku ya kufunga shule mkuu wa shule alisoma majina ya waliofanya vizuri katika hesabu, kila mtoto akatoka mbele na mzazi wake kupigwa picha. Jina la Kifungo liliposomwa, fundi aliinuka, akamshika shemeji yake mkono akamwinua naye. Kifungo akakimbia kwenye safu ya walimu, akamvuta Mwalimu wa hesabu kwa kidole.

Wakasimama mbele ya watu. Upande wa kulia wa Kifungo walikuwa wote watatu, wamebanana. Upande wa kushoto mtoto aliacha nafasi ya upana wa mtu mmoja.

"Sogeeni hapo katikati," mpiga picha aliwaambia. "Huku kushoto kumebaki wazi."

"Tunajua," fundi akamjibu. "Piga hivyo hivyo."

Mpiga picha akapiga. Yule fundi aliyeibishia methali miezi mingi aliyaweka mabishano chini siku ile, akiwa ameshikwa mkono huku na huku: mkono mmoja haulei mwana.